Kitabu cha kriketi nyuma ya vitabu vya kilimo

SWALI

Shikamoo mwalimu. Baba yetu alifariki mwaka jana, na mwezi uliopita mimi na mdogo wangu tulikwenda Morogoro kupanga vitu vyake. Rafu yake ilijaa vitabu vya kilimo: udongo, magonjwa ya mahindi, umwagiliaji. Nyuma ya hivyo, kimeegemea ukuta, nikakuta Beyond a Boundary cha C.L.R. James, mwandishi wa Trinidad huko Karibi, kitabu cha kriketi. Baba hakucheza kriketi na sikuwahi kumsikia akiitaja. Ndani mna tiketi ya basi la UDA, shirika la mabasi ya mjini Dar es Salaam, imebanwa kwa klipu kwenye ukurasa wa yule Matthew Bondman. Nilianza kukisoma nikiwa nimesimama, nikakimaliza siku ya tatu, na pale bibi Judith anapofariki nililia mpaka mdogo wangu akaja kuuliza kuna nini. Mimi sijui hata wiketi ni kitu gani. Kwa nini kitabu cha mchezo nisioujua kinilize hivi? Nimepitwa na nini ndani yake? Na kilifikaje kwa mtu kama baba, aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya mwanzo ya sabini?

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Nianze na Judith, maana hapo ndipo machozi yalipokutoka.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajakisoma: Judith ni mmoja wa wanawake wa nyumba aliyokulia James huko Tunapuna, Trinidad, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwanamke wa kanisa, wa kazi, asiye na masihara. Siku moja mwanawe ana mechi na marafiki zake, na kama ilivyo desturi Judith amewaandalia chakula. Amepika, amepanga meza, amehakikisha kila mtu ana mahali pake. Kisha naye anakaa, anasema hajisikii vizuri sana, anainamisha kichwa mezani. Wanapomsogelea, ameshakata roho. James anaongeza jambo moja tu: kwamba pengine alikuwa hajisikii vizuri kwa siku kadhaa, ila hakuwa mtu wa kuacha kazi yake kwa sababu kama hiyo. Kisha anaendelea na habari nyingine.

Sisi Judith tunamjua. Ni yule mama anayesimamia masufuria ya arobaini ya jirani huku presha imempanda, na ukimuuliza hali anakuuliza kama wageni wameshanawa mikono. Hukuhitaji kriketi ili kumlilia. Lakini naamini James hakumweka pale kwa bahati. Katika mchezo aliofundishwa shuleni, mpigaji akiambiwa na mwamuzi kwamba ametoka, anaondoka. Habishani, hageuki nyuma, hata kama anajua kwa hakika kwamba mwamuzi amekosea. Hamlaumu mwenzake aliyeangusha mpira. Anashindwa bila kununa. James anasema sheria hizo zilimwingia kuliko zote alizofundishwa darasani. Judith hakuwahi kushika gongo la kriketi maishani mwake, na bado aliishi kwa sheria hiyo hiyo mpaka sekunde ya mwisho. Alitoka uwanjani bila kubishana. Kwa hiyo ulikuwa ndani ya kriketi tayari wakati ukilia, ingawa hakuna aliyekuwa amekuambia.

Sasa tuje kwa Bondman, ukurasa ambao baba aliutia alama.

Nyumba yao ilikuwa nyuma kabisa ya uwanja, karibu kiasi kwamba mwamuzi angeweza kusimama dirishani mwa chumba cha kulala. Mtoto wa miaka sita akipanda kiti, anaona mazoezi ya kila jioni na mechi za Jumamosi. Na kutoka kwenye kiti hicho hicho alikanyaga kizingiti cha dirisha, akanyoosha mkono, akapapasa vitabu vilivyowekwa juu ya kabati la nguo. Kiti kimoja kilimpa uwanja mbele na vitabu juu, na maisha yake yote hakuvitenganisha.

Matthew Bondman alikuwa jirani. Miguu peku, nguo chafu, mdomo mchafu zaidi, kazi hataki. Katika nyumba ya Judith, mtu kama huyo hahesabiwi, hata haitwi ndani. Lakini akishika gongo, mtaa unanyamaza. Alikuwa na pigo moja alilolipiga kwa kushuka chini, goti likikaribia nyasi, na kila aliposhuka hivyo watazamaji walitoa sauti moja, ndefu, ya chini: "Aaah!" Yule mtoto juu ya kiti akaisikia.

Nakuomba urudi kwenye ukurasa huo uangalie anavyouandika. Anasema huenda lilikuwa pigo la kuukata mpira kwenda upande mmoja, huenda lilikuwa la kuuzoa kwenda upande wa pili. Hakumbuki! Mtu huyu aliandika habari za kriketi katika gazeti la Manchester Guardian, alijua kila pigo kwa jina, na miaka hamsini baadaye pigo lenyewe limemtoka kichwani. Kilichobaki ni ile sauti ya watu. Hapo ndipo ninapopata jibu la swali lako la kwanza. Ungekuwa umepitwa kwa kutojua kriketi kama kitabu kingekuwa kinasimulia pigo. Kinasimulia "Aaah". Kinauliza: mtu ambaye kila mtu amemhesabu si kitu, kwa nini mara moja kwa wiki anawatoa watu wazima pumzi? Na wanapotoa sauti ile wanaona nini ndani yake, ambacho Jumatatu hawataki kukiona?

Vitabu vingi vya michezo havituingii kwa sababu vimeandikwa kwa upande wa kombe. Nani alifunga, dakika ya ngapi, nani alisajiliwa kwa kiasi gani. James aliandika kama shahidi anayekwenda mahakamani kumtetea mtu asiye na wakili. Bondman hana cheo, hana mali, hana hata tabia njema. Ushahidi wake pekee ni pigo moja la gongo, na James anakuja nao mpaka London, kitabu kinatoka mwaka 1963, ili jina la Bondman lisipotee. Nadhani hili ndilo lililokufanya ukisome mpaka mwisho, ukiwa umesimama mbele ya rafu ya marehemu na maboksi yako, ukiamua kipi kibaki na kipi kitolewe.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba hukupitwa na chochote. Kuna sura ambazo bila kuujua mchezo kidogo zinapita kama gari la usiku. Mimi mwenyewe nilipokisoma mara ya kwanza, nikiwa mwalimu kijana, niliziruka kurasa zote za mapigo na nikajisifu kwamba nimeshika maana. Nilirudi kwake miaka mingi baadaye nikaona nimeacha nusu ya chakula sahanini.

Basi chukua haya machache. Wiketi ni vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini, na juu yake vipande viwili vidogo vya mti. Mrushaji anataka kuviangusha kwa mpira; mpigaji anasimama mbele yake na gongo kuvilinda. Akiupiga mpira mbali, anakimbia kubadilishana upande na mwenzake, na kila mara wakivuka ni mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpaka wa uwanja ni minne, ukipita hewani ni sita. Vijiti vikianguka, au mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, ametoka. Sasa kilicho kikubwa: akitoka, basi. Mshambuliaji wa mpira wa miguu akikosa bao dakika ya kumi, bado ana themanini za kujirekebisha. Mpigaji akikosea mpira mmoja, anaweza kukaa siku nzima kwenye kiti akiwatazama wenzake. Amesubiri miaka kuchaguliwa, amesafiri kwa meli wiki mbili tatu, na mpira mmoja tu unamrudisha kibandani.

Ukishalijua hilo, rudi kwa Wilton St Hill na usome polepole. Alikuwa mwuzaji katika duka kubwa mjini Port of Spain, na kwa watu wa kawaida wa Trinidad hakukuwa na mpigaji kama yeye. Timu ya West Indies, ile ya pamoja ya nchi za Karibi zilizotawaliwa na Waingereza, ilipokwenda Uingereza mwaka 1923, aliachwa. Watu waliumia kama walioachwa ni wao. Mwaka 1928 hatimaye akachukuliwa, na alikuwemo katika uwanja wa Lord's, London, siku West Indies ilipocheza mechi yake ya kwanza kabisa ya ngazi ya juu ya kimataifa. Akashindwa vibaya sana ziara nzima. James hatafuti visingizio na hatupi maneno ya faraja. Anaeleza tu watu walikuwa wametumaini nini: kwamba mmoja wao, mwuza duka, atakwenda kwa wenye mchezo wao na kuwaonyesha. Ukisoma sura hiyo huku ukijua kwamba kila kushindwa kwake kulikuwa mpira mmoja, na kutembea peke yake kurudi huku uwanja mzima unamtazama, utaona kwa nini mimi humweka St Hill juu ya Judith kwa uzito. Judith alikufa akiwa ametimiza. St Hill alirudi hai, hajatimiza.

Na kuna lile ungamo la klabu. Port of Spain ya wakati ule, klabu ya kriketi ilikuwa rangi ya ngozi iliyovaa jezi. Queen's Park ya Wazungu na matajiri. Shamrock ya Wakatoliki, wengi wao Wazungu wenye asili ya Kifaransa. Maple ya machotara wa tabaka la kati. Shannon ya Weusi wenye kazi ndogo za heshima, walimu na makarani. Hapo ndipo walipocheza St Hill na Learie Constantine. Stingo ya Weusi maskini kabisa. Polisi nao walikuwa na timu yao, na nahodha wao Mzungu. James, Mweusi mwenye elimu ya sekondari kubwa ya serikali, angeweza kwenda Shannon, kwa watu wake. Alikwenda Maple. Anaandika kwamba uamuzi ule ulimweka mbali na Constantine na ukamchelewesha kisiasa kwa miaka. Hajitetei. Halafu mwaka 1932 anafika Uingereza na kitu kidogo mfukoni, na anayempokea nyumbani kwake, katika mji mdogo wa Nelson, ni yule yule Constantine, aliyekuwa akicheza huko kwa malipo tangu 1929. Mwaka uliofuata kitabu cha Constantine kikatoka, James akiwa amemsaidia kukiandika. Fikiria hapo, mwanangu: klabu yake uliikataa, na yeye ndiye aliyekufungulia mlango.

Tusijifanye kwamba haya ni ya Trinidad peke yake. Nairobi na Dar es Salaam kriketi ilikaa hivyo hivyo, kila jumuiya na uwanja wake: Wazungu kwao, Wagoa kwao, Ismailia kwao, Wahindu kwao, Masingasinga kwao. Mwafrika mara nyingi alikuwa anakata nyasi na kuokota mipira. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975, ikiunganisha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikuwa kwa sehemu kubwa ya watu wenye asili ya Bara Hindi. Ilipoteza mechi zote tatu. Lakini watoto waliokuwa pembeni ya nyasi walikuwa wakitazama, kama yule wa dirishani Tunapuna.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilicheza na West Indies katika Kombe la Dunia. Nilifuatilia kwa redio ndogo ya betri. Wapigaji wote wa Kenya walitoka kwa mikimbio 166, idadi ambayo West Indies ingepaswa kuivuka kabla jua halijageuka. Kisha mpira wa Rajab Ali ukagusa gongo la Brian Lara, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote duniani wakati ule, na mlinda wiketi Tariq Iqbal akaushika. Lara alikuwa na mikimbio 8. West Indies yote ikatoka kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe, Steve Tikolo, wote ni wa kizazi kilichozaliwa baada ya uhuru. Nilikaa na redio yangu sijui nimwambie nani, maana pale nilipokuwa hakuna aliyeujua mchezo. Usiku ule nilishusha kitabu cha James rafuni, na safari hii sikuruka ukurasa.

Kwa sababu mwisho wa kitabu ni huo huo, ukiwa umegeuzwa. James alirudi Trinidad mwaka 1958 baada ya miaka 26 nje, akawa mhariri wa gazeti la The Nation, na akalitumia kupiga kelele kwamba Frank Worrell, Mweusi kutoka Barbados, apewe unahodha wa West Indies. Mpaka hapo hakuna Mweusi aliyekuwa amekabidhiwa timu hiyo kwa mfululizo mzima wa mechi. Worrell akapewa kwa ziara ya Australia ya 1960 na 1961. Walishindwa mfululizo ule kwa mechi mbili dhidi ya moja, na bado watu wa Melbourne walijipanga barabarani kwa makumi ya maelfu kuwaaga. Kitabu kinaishia hapo, kwa watu waliopoteza mechi wakiagwa kama wafalme. Sasa unaona kwa nini kilianza na sauti ya watazamaji wa Bondman. Ni "Aaah" ile ile, imekua.

Swali lako la mwisho, la baba. Mtu wa Mlimani wa miaka ile kumiliki James si ajabu hata kidogo. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, aliyefundisha pale kati ya 1966 na 1974 akiwa ameondoka kwa muda na kurudi, alikuwa ameketi katika mikutano ya kujisomea nyumbani kwa James London akiwa mwanafunzi. James mwenyewe aliandika kwa heshima kubwa kuhusu Nyerere na Azimio la Arusha. Alikuwa miongoni mwa walioitisha Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, lililofanyika Dar es Salaam Juni 1974, kisha akakataa kuhudhuria kwa sababu wanaharakati wa Karibi waliopingana na serikali zao walizuiwa. Miaka ya thelathini, London, alikuwa pamoja na mwanaharakati George Padmore na Jomo Kenyatta wakati wa vuguvugu la kuitetea Ethiopia. Jina lake lilitajwa sana Mlimani, na vitabu vyake vingeweza kupita mkono kwa mkono. Kijana wa kilimo angeweza kukipata kwa rafiki wa historia.

Ila tiketi yako inasema zaidi ya hayo. UDA ilianzishwa 1974. Ikiwa baba alimaliza chuo mwanzoni mwa miaka ya sabini, basi alipoiweka tiketi ile kitabu hakikuwa cha darasani tena. Alikuwa mtu mzima, ana kazi, yuko ndani ya basi la mjini, na anasoma, pengine kwa mara ya pili, habari za mwanamume mchafu aliyepiga gongo vizuri. Waulize baba zako wadogo kama kijijini kwao kulikuwa na mtu wa aina hiyo: mlevi aliyepiga ngoma kuliko wote, mvivu aliyekimbia kuliko wote. Wasiulize kuhusu kriketi, hawatakuwa na la kusema. Uliza kuhusu mtu huyo.

Umesema pia klipu. Itoe leo. Klipu za chuma zinashika kutu, na kutu hula karatasi. Weka kipande cha karatasi safi kati ya tiketi na ukurasa ili wino usihamie. Mgongo wa kitabu ukiwa umeachia, usibandike selotepu, inageuka njano na kung'oa maandishi. Kifunge kwa utepe wa pamba mpaka upate fundi wa kujalidi. Kisimamishe mbali na ukuta wa nje, maana Morogoro kuna unyevu na mchwa hupanda ukutani. Na tiketi irudishe palepale ilipokuwa, ukurasa wa Bondman, upande ule ule ilioangalia.